Kesi gani?

Pale Bandari ya Bujumbura, neno la Kiingereza "case" ni kasha la mzigo uliotoka Kigoma. Hospitalini ni mgonjwa mmoja wa kipindupindu. Mahakamani ni mashtaka. Kambini ni dosie ya familia. Kumbe ni maneno mawili ya Kilatini yaliyokutana: capsa, sanduku, na casus, anguko.

Lakini siye kwa Kiswahili kesi ni ya mahakamani. Mama akiambiwa "kesi yako bado", anajiuliza nani kamshtaki. Mwingine anaogopa, harudi tena ofisini, na nafasi yake inapita.

Ndugu zetu wa mashirika, semeni dosie, ama ombi. Nasi vijana tunaotafsiri, tusiitikie tu. Tuulize kwanza: kesi gani?