Kiboksi cha plastiki hakimalizi ubishi

UE zimeisha, boom imekata, kwa hiyo leo ni hoja tu.

Wapenzi wa sarafu za zamani hapa hosteli wamenichosha na wimbo mmoja: eti sarafu iliyopimwa na PCGS au NGC haina mjadala. Haina mjadala kwa nani?

Hizo ni kampuni za Marekani. PCGS ilianzishwa 1985, NGC ikafuata 1987. Unawapelekea sarafu, wanaikagua, wanaipa alama kati ya 1 na 70, wanaifungia kwenye kiboksi cha plastiki. Sawa. Ila anayelipia upimaji ni nani? Mara nyingi ni huyo huyo anayetaka kuiuza!

Tena wapo wanaovunja kiboksi na kurudisha sarafu ile ile wakitafuta alama ya juu, na wengine wanaipata. Jamani, mtihani mmoja ukisahihishwa mara mbili ukatoa B halafu A, utamwamini msahihishaji? Mwaka 1990 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliishtaki PCGS kwa kujinadi kupita kiasi kuhusu upimaji wake. Yakaisha kwa makubaliano.

Sisemi wote matapeli. Kipimo changu ni kimoja: wakikosea, nani analipa? Anayetoa dhamana ya kufidia, msikilize. Asiyetoa, hayo ni maoni yake tu. Na kwa vile hata viboksi vinaghushiwa, hakiki namba kwenye tovuti ya kampuni, kisha itazame sarafu yenyewe.

Nawasilisha. Mnaobisha, leteni hoja.