Trekta Kuukuu Si Chuma Chakavu

Tukizungumzia kilimo darasani, neno "kisasa" hutamkwa kama sala. Trekta la kisasa, mashine ya kisasa. Na chochote kilichoundwa kabla hatujazaliwa ni chuma chakavu, kiuzwe kwa kilo. Napinga. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwenye matrekta kidonda chenyewe kinaonekana.

Nyumbani kwetu Ngagara, baba yangu mdogo analaza uani Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1964, yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda 3. Msimu wa mpunga ukifika huliendesha hadi Gihanga, katika tambarare ya Imbo, akawalimia watu kwa malipo. Karo yangu imetoka kwenye plau hiyo, kwa hiyo msitegemee niwe mwamuzi asiye na upande.

Injini hiyo haina kompyuta wala plagi. Pistoni hubana hewa mpaka iwe moto mkali, pampu husukuma mazutu ndani, yanawaka. Basi. Tangi likikauka, hewa huingia kwenye mabomba na injini hugoma. Fundi hulegeza skrubu kwenye chujio na kwenye pampu, husukuma mafuta kwa mkono mpaka mapovu yaishe, hukaza, huwasha. Anachohitaji ni spana tu. Hilo si dogo katika mji ambao mwaka 2024 na 2025 vituo vyake vilikaa vikavu, watu wakanunua mafuta ya bidoni yaliyovushwa kutoka Uvira, na ndani ya bidoni huwezi kujua kuna maji kiasi gani. Mafuta machafu huumiza injini yoyote, lakini yetu huoshwa chujio na noseli ikarudi shambani. Injini mpya, inayosukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, huharibika vibaya, kisha hutoa alama kwenye skrini ambayo fundi wetu hana kifaa cha kuisoma.

Sasa nauliza: aliyenunua trekta asiloweza kulifungua amenunua nini? Hata Marekani wanalalamika. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya huko iliishtaki kampuni ya John Deere, ikidai inawabana wakulima na mafundi huru wasitengeneze mashine wenyewe. Ikiwa mkulima wa Marekani amefungiwa mlango, wa Gihanga ataupata wapi ufunguo?

Mtasema spea hazipo. Zipo: TAFE ya India na Millat ya Pakistan zimeendelea kuunda matrekta ya ukoo huohuo. Mtasema moshi. Kweli, noseli zikichakaa hutoa moshi, zisafishwe. Hoja moja tu naikubali bila ubishi: matrekta mengi ya enzi hizo hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na dereva hufa. Lifungwe fremu imara, na fundi anayejua vipimo. Hilo ni gharama, lakini si sababu ya kulipeleka kwenye mizani ya vyuma.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kwetu. Fundi akiifungua injini hii hunitajia kila kipande, nami namwelewa: pampu, noseli, chujio, ringi, klachi. Kwenye skrini za matrekta mapya sijaona bado hata neno moja ambalo yeye angelisoma.