Pointi 7, ribaundi 26: Bismack Biyombo alikuwa na thamani gani?

Tarehe 21 Mei 2016, mjini Toronto nchini Kanada, Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, alifunga pointi 7 tu. Mwenzake DeMar DeRozan alifunga 32, Kyle Lowry akafunga 20. Mtu aliyesoma pointi peke yake kesho yake angesema Mkongomani huyo hakufanya kitu.

Lakini usiku ule Toronto Raptors iliishinda Cleveland Cavaliers ya LeBron James kwa pointi 99 dhidi ya 84, katika mechi ya tatu ya fainali ya ukanda wa Mashariki wa NBA. Cleveland ilikuwa imecheza mechi 10 za mtoano bila kupoteza hata moja. Na jina lililobaki midomoni mwa watu lilikuwa la Biyombo. Alinyakua ribaundi 26, yaani mara 26 mpira ulitupwa, ukagonga chuma ama ubao, ukarudi, na mikono iliyoukamata ilikuwa yake. Tena akazuia mitupo 4 ya wapinzani.

Miezi miwili haikupita, timu ya Orlando Magic ikampa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 72. Toronto ilikuwa ikimlipa karibu dola milioni 3 kwa mwaka. Tangu hapo, popote Wakongomani wanapozungumza basketi, watu hugawanyika. Kuna wanaosema Orlando ilitupa pesa kwa mtu asiyejua kufunga. Wengine wanasema dunia nzima ilikuwa imechelewa kuona thamani yake. Wote wawili wanashika takwimu mkononi, na takwimu zao ni za kweli. Shida iko katika namna ya kuzisoma.

Kwa vijana wa Kiringye, kwenye bonde la Ruzizi kaskazini ya mji wa Uvira, ubishi huo si wa mambo ya mbali. Unahusu namna wao wenyewe wanavyopimwa kila mara timu inapochaguliwa.

Watu wa Kiringye wanalima mpunga, na kila anayelima mpunga anajua kazi ya mtoto anayefukuza ndege. Tangu asubuhi yuko shambani, anapiga kelele, anatupa mawe. Siku ya mavuno, hakuna gunia linaloandikwa kwa jina lake. Walioshika mundu ndio wanaohesabiwa. Lakini mwenye shamba anajua: mwaka ule mtoto aliposhindwa kuja, magunia yalipungua. Punje ambazo ndege hawakula hakuna anayeweza kuzihesabu moja moja, ila zipo ndani ya gunia.

Biyombo alikuwa mchezaji wa namna hiyo. Msimu wa 2015-2016 alicheza mechi zote 82 za Toronto. Wastani wake ulikuwa pointi 5.5, ribaundi 8 na mitupo 1.6 iliyozuiwa kwa mechi, katika dakika 22 tu kiwanjani. Mwezi Machi 2016, mbele ya Indiana, alinyakua ribaundi 25, idadi ambayo hakuna mchezaji wa Toronto aliyekuwa ameifikia hadi siku hiyo. Timu ilimaliza msimu na ushindi 56.

Kila ribaundi ina hesabu yake. Mpinzani akikosa kikapu na ukamnyang'anya mpira unaorudi, umemfungia nafasi ya pili ya kutupa. Ukiukamata upande wa kushambulia, umewapa wenzako nafasi ambayo hawakuwa nayo. Na mtupo uliozuiwa una faida isiyoandikwa popote: mpinzani akisha kuzuiwa mara mbili, mara ya tatu anaogopa kuingia chini ya kikapu, anatupa akiwa mbali, anakosa. Kukosa kule hakuandikwi kwa jina la yule aliyemtia hofu.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja nzito. Orlando ilimchukua Biyombo ikiwa na ushindi 35 katika msimu uliotangulia. Msimu wake wa kwanza pale, timu ilipata ushindi 29 na kushindwa mara 53. Uliofuata, ikashuka hadi ushindi 25. Katikati ya mwaka 2018 ikamwachilia aende Charlotte. Wanaosema pesa zilipotea wanaishia hapo.

Lakini tazama takwimu za Biyombo mwenyewe. Msimu wa kwanza Orlando, wastani wake ulikuwa pointi 6, ribaundi 7 na mitupo 1.1 iliyozuiwa, katika dakika zilezile 22. Zilishuka kidogo, ila hazikuanguka kiasi cha kueleza kuporomoka kwa timu. Kilichobadilika zaidi ni watu waliomzunguka. Toronto ilikuwa na DeRozan na Lowry waliofunga zaidi ya pointi 20 kila mmoja kwa mechi. Ilihitaji mtu wa kulinda kikapu na kuokota mipira. Tena mchezaji mrefu wa kwanza wa timu, Jonas Valančiūnas wa Lithuania, aliumia kifundo cha mguu katika mechi za mtoano dhidi ya Miami, na nafasi ikawa wazi kabisa. Orlando yenyewe ilikuwa tayari na Nikola Vučević chini ya kikapu, na kiangazi hicho hicho ilikuwa imemleta Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Watu warefu watatu wakagombea kazi ileile, na wafungaji wa mbali wakawa haba. Ni sawa na kuajiri mtoto wa tatu wa kufukuza ndege kwenye shamba ambalo hakuna aliyepanda mpunga wa kutosha.

Mfano wa kinyume upo katika mwanzo wa safari yake. Kocha Mreno Mário Palma alimwona akiwa kijana bado, katika mashindano nchini Yemen, na akamfungulia njia ya Uhispania. Mwaka 2011, kwenye mechi ya vijana bora wa dunia iliyochezwa Portland, Marekani, alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Mwaka huohuo alichaguliwa wa saba katika uteuzi wa NBA na kuishia Charlotte. Msimu huo wa kwanza alizuia mitupo 1.8 kwa mechi, zaidi ya ile aliyozuia baadaye Toronto. Je, Charlotte ilishinda mara ngapi? Mara 7 tu kati ya mechi 66, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya NBA kwa asilimia ya ushindi. Anayesema mitupo iliyozuiwa peke yake inaleta ushindi, basi aeleze na hilo.

Kwa hiyo jibu la ubishi ni hili: Biyombo alikuwa na thamani kubwa sana Toronto na thamani ndogo zaidi Orlando, ingawa alikuwa mtu yuleyule. Thamani ya mchezaji inategemea pengo analoliziba. Takwimu zinaonyesha kazi aliyofanya, lakini haziwezi kueleza kama timu ilihitaji kazi hiyo bila kuangalia wenzake.

Ipo hesabu moja inayojaribu kupima jambo hilo, na ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Inaitwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Kijana akiingia kiwanjani, andika matokeo. Akitoka, andika tena. Tuseme ameingia timu zikiwa 20 kwa 20, akatoka timu yake ikiongoza 31 kwa 24. Yeye amefunga pointi 2 tu, lakini wakati akiwa ndani timu yake ilizidi kwa 7. Anaandikiwa kujumlisha 7. Mwenzake amefunga pointi 12 na watu wamempigia makofi. Lakini alipokuwa ndani, timu yake ilipata 13 na wapinzani 19. Anaandikiwa kutoa 6. Ghafla picha inageuka.

Hesabu hii nayo ina mitego yake. Anayecheza kila siku pamoja na nyota wa timu hupata namba nzuri bila jasho. Anayeingizwa wakati wachezaji bora wamepumzika huonekana mbaya bila kosa lake. Na mechi moja haitoshi. Ribaundi 26 za usiku mmoja zilikuwa za kweli, lakini Orlando haikununua usiku mmoja, ilinunua miaka 4. Zinahitajika mechi nyingi, na ni lazima kutazama nani alikuwa pembeni ya nani. Wala pointi zisidharauliwe. Hakuna timu iliyoshinda kwa 0 kwa 0. Mchezaji asiyeweza kufunga anawapa wapinzani ruhusa ya kumwacha na kwenda kumzonga mwenzake. Udhaifu huo Biyombo alikuwa nao, na wanaomtetea wasiufiche.

Historia ya mchezo huu inafundisha kwamba kisichoandikwa husahaulika. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973-1974 tu. Bill Russell, aliyeshinda ubingwa mara 11 na Boston kwa nguvu ya kulinda kikapu, aliacha mchezo mwaka 1969. Mitupo yote aliyoizuia haimo katika daftari rasmi. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee. Hapa mtu alikuwepo, lakini daftari halikuwepo.

Mkongomani mwingine alibahatika kuzaliwa baadaye. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024, alimaliza safari yake na wastani wa pointi 9.8 kwa mechi. Kwa pointi hizo peke yake, wengi wasingemkumbuka. Lakini mitupo yake 3,289 iliyozuiwa iliandikwa yote, ya pili kwa wingi katika historia ya NBA nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria, na mara 4 alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyoingia ikiwa ya nane, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Katika mechi hizo 5 Mutombo alizuia mitupo 31. Picha iliyobaki ni yake akiwa amelala chini, ameinua mpira kwa mikono miwili. Mpira ule hakuufunga. Ulikuwa ribaundi ya mwisho.

Sasa turudi Kiringye, na Uvira, na viwanja vyote vya bonde la Ruzizi. Mara nyingi, kijana anayejulikana ni yule aliyefunga. Jina lake ndilo linalopigiwa kelele, na timu ya shule ama ya mji ikitafuta wachezaji, ndilo linalotajwa kwanza. Kijana mrefu anayeokota mipira, msichana anayemfuata mpinzani hatua kwa hatua hadi anachoka, hawana kitu cha kuonyesha. Mwisho wa msimu wanaachwa, na kocha anashangaa kwa nini timu inayofunga sana inashindwa vilevile.

Dawa yake haihitaji kompyuta wala umeme. Inahitaji daftari, kalamu, na mwanafunzi mmoja asiyecheza siku hiyo. Safu za kuandika ni chache: dakika, pointi, ribaundi, mitupo iliyozuiwa, mipira iliyopotezwa, na matokeo wakati mchezaji anaingia na anapotoka. Daftari hilo litunzwe msimu mzima, lisiwe la mechi moja. Kocha atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kuchagua, na kijana aliyeachwa atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini, akiwa na namba mkononi.

Halafu kocha aachie macho yake nayo yafanye kazi. Daftari la Charlotte lilionyesha mlinzi mzuri ndani ya timu mbovu. Daftari la Toronto lilionyesha mlinzi mzuri mahali alipohitajika. Aliyetaka kujua tofauti ilimbidi aangalie mchezo wenyewe, na aulize timu yake inakosa nini.

Usiku ule wa Toronto, DeRozan na Lowry walijaza gunia. Biyombo alifukuza ndege. Shamba la Kiringye linajua hesabu hiyo tangu zamani. Kilichobaki ni kiwanja kuijifunza.