Rosa Bado Kizimbani: Uhakiki na Huzuni ya Kijana katika Riwaya ya Kiswahili

Upo mtazamo uliokita mizizi katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, hasa katika miongozo wanayoitegemea wanafunzi wa shule za upili, kwamba kijana anayejiua riwayani amevuna alichopanda. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ndiyo iliyodhulumiwa zaidi. Rosa huitwa mwasherati, kifo chake hufanywa onyo, na mjadala hufungwa hapo.

Usomaji huo unapuuza matini yenyewe. Kabla Rosa hajawa chochote kingine, ni binti wa Zakaria, baba mlevi anayeitawala nyumba kwa mkono mzito. Shuleni anapata uhuru asiofundishwa kuutumia. Baadaye mchumba anamwacha kwa kuwa si bikira. Kinachosawiriwa ni nafsi inayobomoka hatua kwa hatua. La kustaajabisha ni kwamba Kazimoto wa Kichwamaji (1974), ambaye pia anajiua, hapewi hukumu hiyo. Yeye ni mwanamume na msomi wa chuo kikuu. Kwa hiyo hutafutiwa falsafa ya udhanaishi. Msomi anapewa falsafa, binti anaachiwa dhambi, na sonona ya wote wawili haitajwi.

Watetezi wa mtazamo huu hudai kwamba sonona ni dhana ya Kimagharibi. Lugha yenyewe inawakanusha: simanzi, jitimai, majonzi, ukiwa. Umma usioyajua maradhi ya moyo usingeyabunia majina yote haya. Wengine huhofia kwamba kijana ataiga anachokisoma. Hofu hiyo ina uzito, na mwandishi anapaswa kukisimulia kifo cha aina hii kwa uangalifu. Hata hivyo, kumwambia msomaji mwenye huzuni kwamba wanaokata tamaa ni waovu si kumkinga. Ni kumfunza kuficha.

Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei inaonyesha njia nyingine. Mwangeka, aliyepoteza mke na mtoto katika moto wa ghasia za baada ya uchaguzi, anakuja kumlea Umu, msichana aliyesalia bila wazazi. Uponaji hapa hauletwi na mawaidha wala bahati. Unaletwa na mfiwa anayemfungulia mwingine mlango, huku jeraha lake mwenyewe likiwa bado halijafunga. Hata hivyo, darasani sura hizo hugeuzwa kuwa orodha ya mbinu rejeshi na sadfa za kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Jaji ameuona ugonjwa mahali ambapo sheria ya kikoloni iliona kosa. Uhakiki wa Kiswahili, uliokuwa na Rosa mikononi tangu 1971, haukuhitaji kusubiri mahakama. Sasa hauna kisingizio cha kuendelea kumshtaki.