Jina la Babu ni Amana

BARAZANI TANGA
Na Mwinjuma Hatibu Mhina

Katika zama za babu zetu, pwani hii ya Mrima ilikuwa na waandishi wawili ambao msomaji asiyetulia huwadhania kuwa ni mtu mmoja. Wa kwanza ni Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, akaeleza jinsi Wajerumani walivyoitwaa pwani mwaka 1888 na 1889, na jinsi watu wa Pangani na Saadani walivyosimama kuwapinga. Wa pili ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyekaa na watawala wa Usambaa akaandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa sehemu baada ya sehemu na wamisionari wa Magila kuanzia mwaka 1895. Wa kwanza ni Hemedi mwana wa Abdallah, na wa pili ni Abdallah mwana wa Hemedi. Na lau si lile neno dogo "bin", na lau si nasaba iliyofuata nyuma yake, kazi ya mmoja ingeandikwa katika hesabu ya mwingine, na taarikhi yetu ingepungukiwa na mtu mzima.

Nimetanguliza habari za wazee hawa kwa kuwa nataka kusema neno juu ya majina ya wanaume katika nchi yetu ya Tanga, Muheza, Pangani na milima iliyo nyuma yake, neno ambalo kwa muda mrefu limenikaa moyoni. Jina la mwanamume wa kwetu halikuwa sauti ya kumwitia chakula wala alama ya kumtenga na wenziwe darasani. Lilikuwa amana ya mtu aliyetangulia, akakabidhiwa mtoto kabla hajaweza kushika kitu mkononi, ili ailinde mpaka atakapompata wa kumkabidhi. Amana hii leo tunaipokea nusu: tunachukua jina, na mwenyewe tunamwacha kaburini.

Angalia jinsi amana hiyo ilivyokuwa ikipokelewa. Siku ya saba mtoto hunyolewa nywele, akachinjiwa akika, akatajwa jina lake mbele ya jamaa. Na aghalabu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Tangu hapo adabu ya nyumba nzima hubadilika. Mke wa mwana, ambaye kwa heshima hathubutu kulitamka jina la baba mkwe wake, hawezi sasa kumwita mwanawe mwenyewe kwa jina hilo, basi humwita "baba" au "mzee", ilhali mzee huyo hajaota jino. Na bibi wa mtoto, akimpokea mapajani, humwita "mume wangu", akacheka naye kwa utani uliohalalishwa na mila, na huku akimkumbuka mumewe kweli. Baba wa mtoto naye hujizuia kumpiga kofi lisilo sababu, maana mkono utashuka juu ya jina la mzazi wake. Hivyo ndivyo mtoto wa Kibondei, wa Kizigua, wa Kidigo na wa Kisegeju alivyojua, kabla ya kujua kusoma, kwamba hakuanza yeye, na kwamba wako watu wanaomtazama kwa macho wanayomtazamia mwingine.

Palikuwa na majina yaliyotoka katika siku na miezi. Aliyezaliwa Ijumaa ni Juma, aliyezaliwa Alhamisi ni Hamisi. Wako akina Rajabu, Shaabani na Ramadhani walioitwa kwa miezi yao, na akina Idi, Haji na Maulidi waliokutana na sikukuu na nyakati za ibada. Palikuwa na majina ya Masahaba na Mitume, ambayo ulimi wa pwani haukuyapokea vivyo hivyo, bali uliyafanya yake: Uthman akawa Athumani, Umar akawa Omari, Abu Bakr akawa Bakari, Sulayman akawa Selemani. Na palikuwa na majina ya kwetu wenyewe, kama Mhina, na kama Mbwana, ambalo mwaka 2020 ulimwengu ulilisikia katika uwanja wa Wembley, wakati Mbwana Samatta alipofunga bao katika fainali ya kombe akiichezea Aston Villa.

Huko milimani, majina yana taarikhi yao. Mbegha alitoka Nguu akaja kuwa mtawala wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi huko Usambaa. Kimweri ye Nyumbai alitawala Vuga mpaka sifa yake ikafika pwani. Semboja alikaa Mazinde, njiani pa misafara, akawa mtu wa kuogopwa na kutafutwa. Yale majina yanayoanza kwa She na Se, kama Shelukindo, Shekifu na huyu Semboja, hutaja ubaba: yanamtambulisha mwanamume kwa aliowazaa, kama vile "bin" inavyomtambulisha kwa waliomzaa. Kwa hiyo mtu wa nchi hii, akitajwa vizuri, alikuwa amesimama katikati, baba zake nyuma yake na watoto wake mbele yake. Aliyepigana na Wajerumani huko Saadani ni Bwana Heri bin Juma. Aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889 ni Abushiri bin Salim. Maadui zao waliwahesabu kuwa waasi, walakini majina ya baba zao yamebaki pamoja nao katika taarikhi.

Ukitaka kujua thamani ya jina, tazama siku lilipoondolewa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini, na miche 62 iliyosalimika safarini ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Na kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba yaliyotaka watu wengi kuliko Tanga ilivyoweza kutoa. Wakaletwa watu kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Ruanda na Urundi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha watu huko mbali, kisha kuwasafirisha mpaka mashambani. Watu hao, ambao kila mmoja alitoka kwao ana jina alilopewa na wazee wake, walifika wakapewa namba na kipande cha kuandikia siku za kazi, na wenyeji wakawaita manamba. Fikiri, msomaji wangu, uzito wa jambo hilo: mtu akate majani ya mkonge tangu alfajiri, ahesabiwe matita, na jioni aitwe kwa tarakimu. Lakini hawakukubali kuwa tarakimu. Wakaoa, wakazaa, wakawapa watoto majina ya baba zao walioachwa mbali, wakachanganya na majina ya wakwe zao wa hapa. Na leo wajukuu wao, katika Muheza na Korogwe, hubeba Bakari na Athumani mbele, na nyuma jina la Kiha au la Kimakonde ambalo hakuna kipande kilichoweza kulifuta.

Jambo hili la kuyashika majina si letu peke yetu. Liko taifa la kaskazini mwa Ulaya, Latvia, katika mwambao wa Bahari ya Baltiki, ambalo watu wake wote hawafiki milioni mbili, ilhali mkoa wetu wa Tanga peke yake, katika sensa ya mwaka 2022, ulipita milioni mbili na laki sita. Taifa hilo dogo limetawaliwa na Wajerumani, Wasweden, Wapoland na Warusi, likapata uhuru mwaka 1918, likaupoteza mwaka 1940, likaurudisha mwaka 1991. Na katika misukosuko yote hiyo limeyashika majina ya wanaume wake kwa mikono miwili.

Kama sisi tulivyofanya kwa Uthman, wao walilichukua jina la Yohana wakasema Jānis, Petro wakasema Pēteris, Karl wakasema Kārlis, Mikaeli wakasema Miķelis; na takriban kila jina la mwanamume kwao huishia kwa herufi s au š, hata la mgeni, kiasi cha kwamba Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani na mwana wa baba Mkenya, magazeti yao yalimwandika Baraks Obama. Tena kila jina lina siku yake katika kalenda: Mārtiņš tarehe 10 Novemba, Miķelis tarehe 29 Septemba, na Jānis tarehe 24 Juni, siku ya pili ya sikukuu yao kubwa ya kiangazi, na siku hiyo ikifika, jirani na rafiki huenda kumpongeza mwenye jina bila ya kungoja kualikwa. Wale ambao majina yao hayamo katika kalenda nao wametengewa tarehe 22 Mei, asije mtu akakosa siku. Kwetu siku humpa mtoto jina. Kwao jina humpa mtu siku.

Nao pia wamejua uchungu wa kunyimwa jina. Wakulima wao walikuwa watumwa wa mashamba ya makabaila wa Kijerumani mpaka walipofunguliwa mwaka 1817 na 1819, na baada ya hapo ndipo wakaandikishwa majina ya ukoo, wengi wakachagua ya miti na vilima vyao: Bērziņš ni mti mdogo wa aina iitwayo "birch" kwa Kiingereza, Kalniņš ni kilima kidogo. Katika miaka ya 1850, wakati Mlatvia aliyesoma alipotazamiwa ajifanye Mjerumani, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Tartu, Krišjānis Valdemārs, alibandika mlangoni pake kadi yenye jina lake, akaongeza neno moja la kusema kwamba yeye ni Mlatvia. Kadi hiyo ikawa mashuhuri kuliko hotuba nyingi. Halafu wakayafufua majina ya watawala wao wa karne ya kumi na tatu, kama Visvaldis na Tālivaldis, wakawapa watoto wao, wakawasimulia na habari za wenye majina hayo.

Nirejee kwetu. Kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa vina nafasi ya majina matatu: la kwanza, la kati na la mwisho. Sina ugomvi na utaratibu huo, maana serikali haina budi kuwajua raia zake. Ila nataka wazazi waelewe unavyokwenda. Tuseme pana Hamisi Juma Bakari. Akifuata mila, mwanawe ni Juma Hamisi Juma, na jina la babu limerudi mbele ya mlango. Mwana mwingine au mjukuu akiitwa Bakari, nalo hilo limerudi. Akiiacha mila, akamwita mtoto kwa jina alilolisikia katika tamthilia ya televisheni, mtoto atabaki na Hamisi na Juma nyuma yake, mjukuu atabaki na Hamisi peke yake, na kitukuu hatakuwa na hata mmoja wao. Vizazi vitatu tu vyatosha kumfuta mtu katika karatasi zote za dunia, bila ya adui kumkusudia. Mila ya jina la babu ndiyo iliyokuwa ikizuia jambo hilo, na waliokuwa wakiilinda ni bibi zetu, ambao hawakuwa na ofisi wala mhuri.

Baadhi ya watu watasema kwamba majina haya tunayoyatetea mengi si yetu, ni ya Waarabu na ya Wazungu, basi kuna hasara gani yakibadilishwa na mengine ya kigeni? Jawabu lake liko Machui, nje kidogo ya mji wa Tanga, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Jina lake la kwanza ni mwezi wa Kiislamu, na jina la baba yake ni la Kizungu. Naye alikuwa Mwislamu, karani wa forodha tangu ujana wake, na mwandishi aliyeipa lugha hii heshima mbele ya mataifa. Hakuna leo asikiaye Shaaban Robert akauliza jina limetoka wapi. Mwenyewe amelifanya kuwa la Kiswahili kwa kazi aliyoifanya ndani yake. Jina huwa letu kwa sababu ya watu wetu waliolibeba, wakaishi nalo kwa uadilifu, wakafa nalo. Na wahenga walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. La tamthilia halina kosa lo lote, ila halina mtu wetu ndani yake, na mtoto akiuliza aliitwa kwa ajili ya nani, hatapata wa kuonyeshwa.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wa Tanga na wa pwani yote. Mkimpa mtoto jina la babu, mpeni na babu mwenyewe: mwambieni alikuwa mvuvi wa Moa au mkata mkonge wa Ngomeni, alisali wapi, alikosana na nani wakapatana, kaburi lake liko wapi. Nawaomba makarani wanaoandikisha vizazi wamwulize mzazi jina la mtoto lisemwavyo nyumbani, waliandike hivyo hivyo, Athumani ikiwa Athumani na Hatibu ikiwa Hatibu, kwa maana herufi moja iliyokosewa humsumbua mtu mpaka uzeeni. Na nawaomba walimu wawape wanafunzi kazi moja nyepesi: kila kijana arudi nyumbani, aulize majina ya baba zake saba, ayaandike katika daftari kwa mkono wake, na mbele ya kila jina aandike jambo moja alilolifanya mwenye jina. Wenye kuyajua majina hayo bado wako hai katika vijiji vyetu, na umri wao ni mkubwa. Waulizeni mwaka huu.