Juu ya Vipimo vya Mimba Visivyotoa Jibu la Mkato

Zamani haikuwezekana mja mzito wa miezi mitatu kuambiwa neno la yakini juu ya kiumbe aliye tumboni mwake. Mkunga alipapasa, akakadiria mwezi, na yaliyosalia akamwachia Mwenyezi Mungu. Siku hizi, katika miji yetu mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, mama mwenye uwezo aweza kupimwa kwa ultrasaundi baina ya wiki ya 11 na ya 14, ukaangaliwa unene wa maji yaliyo chini ya ngozi ya kisogo cha mtoto, au akatolewa damu mkononi, ambayo aghalabu husafirishwa hadi maabara ya ng'ambo, kisha akaletewa karatasi yenye tarakimu. Nataka kunena juu ya karatasi hiyo, kwa kuwa naona hutolewa kwa haraka na kusomwa kwa hofu, hata likasahauliwa jambo la msingi, ya kwamba vipimo vya namna hii havikuundwa ili vikate shauri, bali vichague ni nani afaaye kupimwa zaidi.

Tuseme karatasi imeandikwa 1 kwa 150, kiwango ambacho Uingereza hukihesabu kuwa mpaka wa hatari kubwa. Mama asomaye peke yake huiona ile moja ikakua mbele ya macho yake hadi kuziba kila kitu, ilhali maana ya maneno hayo ni kwamba katika wajawazito 150 waliopata jibu kama lake, 149 watazaa mtoto asiye na hali iliyokuwa ikitafutwa.

Kipimo cha damu ni bora zaidi, nami sikibezi. Asili yake ni ugunduzi wa Dennis Lo na wenzake, waliotangaza mwaka 1997 kwamba vipande vya DNA vya mtoto huelea katika damu ya mamaye. Na tangu mwaka 2011, kilipoanza kuuzwa, kimesifiwa kwamba hupatia mara 99 katika 100. Sifa hiyo si uongo, lakini hebu tuipige hesabu. Chukua wajawazito 10,000 wa umri ambao mtoto 1 katika kila 1,000 huwa na hali ya Down, yaani kromosomu ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili. Wenye mtoto wa hali hiyo watakuwa 10, na kipimo kitawanasa karibu wote. Lakini kikiwa hukosea kwa mama mmoja tu katika kila 1,000 wasiohusika, basi katika wale 9,990 waliobaki watatokea kama 10 wengine wenye jibu la kutisha pasipo sababu. Karatasi ishirini, na nusu yake si kweli! Kwa mama wa miaka arobaini na zaidi, ambao hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwao, jibu kama hilo lina uzito mkubwa. Kwa maradhi yaliyo adimu kuliko hiyo uzito wake hupungua sana, na hapo ndipo matabibu wengi, kwa haraka zao, hawafiki katika maelezo.

Kadhalika, DNA inayopimwa hutoka katika kondo la nyuma, si katika mwili wa mtoto mwenyewe, na hutokea kondo likawa na kasoro ambayo mtoto hanayo, au pacha aliyefariki mapema akaacha athari yake damuni. Na mara nyingine hapana jibu kabisa, kwa kuwa DNA ya mtoto ilikuwa kidogo mno.

Atakaye yakini hana budi kukubali sindano: ama kuchukuliwa kipande kidogo cha kondo kuanzia wiki ya 11, ama maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Hatari ya mimba kuharibika kwa sababu hiyo, katika mikono iliyozoea, huhesabiwa kuwa chini ya 1 kwa 200. Na si kila mji wetu una mikono hiyo. Basi ajiulize, na afadhali ajiulize kabla ya damu ya kwanza kutolewa: nikijua kwa hakika, nitatenda nini nisichokitenda leo? Yuko atakayesema atajiandaa, na maandalizi hayo si ya moyo tu, maana takriban nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na ni heri mama ajue mapema kwamba afaa kujifungulia karibu na mahali kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuliko kukimbizwa huko na mtoto aliyekwisha kubadilika rangi. Yuko atakayesema hakuna litakalobadilika, na kwa hiyo haoni sababu ya kuihatarisha mimba. Huyo naye ametumia akili yake sawasawa, na tabibu anayemwona mjinga amemdhulumu. Yuko pia atakayefikiri kuikatisha mimba, jambo ambalo sheria za Tanzania na Kenya zimelibana. Yeye hasa asithubutu kuamua kwa karatasi ya kwanza. Wale wasemao kwamba kupima tu ni kukosa imani sikubaliani nao, kwani kutaka kujua hakujapata kumzuia mtu kutawakali.

Baada ya sindano huja kungoja, siku chache kwa jibu la awali na wiki mbili au zaidi kwa jibu kamili. Desturi yetu ya kuificha mimba changa, yenye hekima zake, hapa humtesa mama, kwani anabeba wasiwasi ambao hawezi hata kuueleza chanzo chake. Namshauri amchague mtu mmoja au wawili, mumewe na dada yake mathalan, wala asiwakusanye mashangazi wote, maana kila mmoja atakuja na kisa cha jirani.

Kwa wenye zahanati nina madai machache. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili, mume akiwapo ikiwa mama aridhia, na kabla ya fedha kulipwa. Bei ya kipimo cha pili itajwe pamoja na ya kwanza, kwani wako wanaofikia damu wasifikie sindano. Na jibu lenye utata lisipelekwe kwa ujumbe wa simu jioni ya Ijumaa, wakati hapana wa kuulizwa mpaka Jumatatu.