Tuache megapikseli, tuzungumzie upepo

Ndugu mwandishi, katika makala yako megapikseli umezipa sifa mno. Mimi napiga picha za nyota hapa Singida, kando ya Ziwa Singidani, kwa Canon ya mtumba na lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18-55. Ninachoipendea kamera hiyo ni kioo cha nyuma: nakuza nyota moja, nazungusha lenzi mpaka iwe nukta kali, ndipo naacha kugusa lenzi. Kwa milimita 18, shata naiacha wazi sekunde 17 hivi. Ukizidisha, nyota zinageuka vijiti.

Adui wetu ni upepo, unaotikisa kamera. Anza na stendi nzito, ining'inizie mfuko wa mawe (mawe Singida hatujapungukiwa!).

Na kamera maalumu? Canon 60Da ya 2012 na Nikon D810A ya 2015 zilitengenezwa kwa ajili ya anga; zinapitisha ule wekundu wa haidrojeni ambao kamera za kawaida huuchuja sana. Kwa anayeanza, anasa. Na mota ya kufuata nyota? Lazima ielekezwe kwenye ncha ya kusini ya anga, na kwetu ncha hiyo iko kama nyuzi 5 tu juu ya upeo, kilima kidogo kinaimeza.

Njooni mpige picha za nyota hapa katikati ya Agosti, saa tatu usiku, mwezi ukiwa haupo.